Kesi ya Binti Mfalme wa Darasa la Sita

Duka la ushirika la Makote lilipofungwa kwa mara ya mwisho, watu walingoja miezi sita wakidhani ni kuhesabu mali tu, kisha wakakata tamaa, wakaitoa kaunta nje na kuifanya benchi. Ni kaunta ileile waliyokuwa wakiipangia foleni ya sukari na sabuni ya mche. Sasa ruksa ya biashara ilikuwa imeingia, sukari iko kila kona, na foleni iliyobaki ilikuwa ya kahawa ya Swalehe, ambaye huweka jiko lake la mkaa pembeni na kuwasikiliza watu bila kuwakatiza, maana mwenye kuuza kahawa hana haraka ubishi uishe. Wenye benchi wanajulikana. Kuna Gervas, aliyekuwa tarishi wa mahakama kule Masasi kwa miaka miwili, akarudi na sheria zote za nchi kichwani. Huyo tunamwita Mahakama. Kuna Hilary, aliyelala wodini Ndanda wiki saba kwa ajili ya mguu uliovunjika, akatoka na mguu mzima na udaktari juu yake. Huyo ni Kliniki. Kuna Alphonce, anayeleta marobota ya mitumba kutoka Masasi, na jina lake ni Soko Huria. Wa nne ni Erasto, fundi cherehani, wanayemwita Sentimita. Hadithi hii ni yake, ingawa asubuhi hiyo ya mwisho wa Februari angefurahi sana kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Erasto alifika amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha marekani. Akakaa, akapewa kikombe, hakunywa.

Erasto: Jamani, nataka mnisaidie kukata shauri. Winfrida arudi shule, au asirudi.

Mahakama: Shauri la mtoto wa kike ni la mama yake.

Erasto: Mama yake alishakata siku nyingi. Ananingoja mimi.

Kliniki: Kwani anaumwa?

Erasto: Haumwi.

Hakuumwa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Winfrida alichezwa unyago likizo ya Desemba, yeye na wenzake wanne. Walikaa ndani wiki tatu, wakatolewa kwa ngoma, wamepakwa mafuta, wamevaa vitenge vipya, na Erasto alicheza siku hiyo mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Januari shule zikafunguliwa. Siku ya kwanza alisema mtoto apumzike. Siku ya pili Soko Huria alishusha robota la suruali za wanaume wa Ulaya, kila suruali inaweza kumvika mtu pamoja na shemeji yake, na kijiji kizima kikaja kwa Sentimita kupunguziwa. Winfrida ana mkono mwepesi. Anafumua, anapinda, anatia vifungo, na baba yake hajapata fundi msaidizi wa namna hiyo tangu aanze kazi. Hilo Erasto hakuwahi kumwambia mtu. Hata akiwa peke yake alilipita haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa.

Erasto: Taabu ni hiki kitabu.

Akafungua kitambaa. Kilikuwa kijitabu chembamba, kimechapwa Dar na mojawapo ya hizi kampuni mpya za watu binafsi. Juu ya jalada walikuwepo wasichana watatu, taji kichwani, mikoba ya madaftari begani, wanakimbia. Chini paliandikwa: Mabinti wa Wafalme, Darasa la Sita.

Soko Huria: Hiki sikukileta mimi.

Erasto: Kaleta Mwalimu Dorothy, yule Mhaya. Shule nzima wanacho kimoja. Watoto wanakisoma kwa zamu, kila mtu siku mbili, kwa orodha. Orodha imefika kwa Winfrida, imesimama. Ijumaa mwalimu kaja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yangu. Kasema zamu ya mtoto hairukwi. Akishasoma akirudishe kwa mkono wake, darasani.

Mahakama: Kwa mkono wake. Hapo kuna mtego.

Erasto: Watoto thelathini na wanane wanangoja nyuma yake.

Kliniki: Sasa si umpe arudishe?

Erasto: Nimekipitia kwanza. Mzazi anapaswa kupitia. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja, nikaona hapana, hili ni la kijiweni.

Wakasogeleana. Swalehe mwenyewe akapunguza moto ili asikie.

Erasto akaeleza. Kitabuni wamo mabinti watatu wa wafalme watatu. Wa kwanza alichomwa na sindano akalala miaka mia. Wa pili alipoteza kiatu kwenye sherehe. Wa tatu alifungiwa na bibi mmoja kwenye nyumba ndefu isiyo na mlango, nywele zikakua mpaka zikafika chini. Zamani, kwa jinsi zinavyosimuliwa hadithi hizo, kila mmoja alikaa kungoja mwanamume aje na farasi. Humu hawangoji. Wote wako darasa la sita shule moja, zimwi limeiba kengele ya shule, na bila kengele hakuna kuingia darasani, basi wao ndio wanaoitafuta.

Kliniki: Turudi kwa huyo wa sindano. Sindano ilichemshwa?

Erasto: Hawakusema.

Kliniki: Haikuchemshwa. Ndanda wanachemsha dakika ishirini, nimeona kwa macho yangu. Isipochemshwa mtu analala.

Soko Huria: Miaka mia?

Kliniki: Inategemea dozi.

Mahakama: Mimi sina shida na usingizi. Nina shida na mahudhurio. Mtoto ameandikishwa, jina liko kwenye rejesta, halafu haonekani miaka mia. Mzazi anashtakiwa. Na anashtakiwa kwa kila siku, si kwa jumla. Mfalme huyo angefia rumande, na mashtaka yakarithiwa na mdogo wake.

Erasto aligeuza kikombe mkononi. Toka Januari mpaka leo ni siku ngapi, hakutaka kujua.

Erasto: Tuache huyo. Ukurasa wa thelathini na moja unamhusu yule wa nywele.

Soko Huria: Ngoja, kiatu. Kiatu kilichopotea kilikuwa kimoja?

Erasto: Kimoja.

Soko Huria akajipiga paja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi ule kumwona ana furaha.

Soko Huria: Kila robota nikifungua nakuta kiatu kimoja cha kike. Kimoja tu, kizuri, kisigino kirefu. Miaka mitatu najiuliza kinatokea wapi. Kumbe kuna watu kazi yao ni kupoteza.

Mahakama: Kwa hiyo unauza mali ya ikulu.

Soko Huria: Siuzi. Nani atanunua kimoja? Ninavyo kumi na nne, mke wangu anafugia vifaranga.

Kliniki: Na nywele za huyo wa tatu ziliota vipi? Mpaka chini? Hizo si nywele, huo ni ugonjwa. Na aliziosha kwa maji gani?

Swali hilo liliwagusa. Mvua ilikuwa imekata wiki ya tatu, matangi yalikuwa yanatoa mwangwi, na wake zao walikuwa wanashuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Wakapiga hesabu kichwani. Mahakama alisema ndoo nane. Soko Huria alisema pipa. Walikubaliana kwamba mtoto kama huyo angekaushia familia nzima maji, na kwamba nyumba ndefu isiyo na mlango ilijengwa kwa sababu hiyo, awe karibu na mawingu.

Soko Huria: Mimi naona tofauti. Nyumba ndefu, haina mlango, kitu kiko ndani hakitoki. Hiyo si nyumba, hilo ni ghala la korosho. Na zimwi ni hawa wanunuzi binafsi waliokuja msimu uliopita. Kitabu hiki ni cha siasa. Wanatusema.

Kliniki: Na wasichana?

Soko Huria: Korosho ghafi. Ndiyo maana wanakimbia, wanataka kubanguliwa hapa hapa nchini.

Hata Swalehe alitikisa kichwa kwa heshima. Nadharia kama hiyo haipatikani kila siku. Lakini Erasto hakuwa amekuja kwa ajili ya korosho.

Erasto: Nisikilizeni. Nasoma.

Akafungua. Karatasi ya ukurasa wa thelathini na moja alikuwa ameibana pamoja na ile inayofuata kwa pini za kazini, pini sita, ili upande wa nyuma usionekane. Akasoma polepole: bibi kizee akamwingiza msichana ndani, akawaambia watu wasimwone, akamletea chakula kwa mkono wake, na huko ndani akamfundisha mambo ambayo wanaume hawayajui.

Kliniki akaweka kikombe chini.

Mahakama: Rudia.

Erasto: Mambo ambayo wanaume hawayajui.

Mahakama: Huyo binti mfalme ni mwali.

Kliniki: Na huyo bibi ni nyakanga.

Ilikuwa wazi kabisa. Nyakanga ndiye bibi anayewafunda wasichana wanapokuwa ndani, na anayowafundisha hayatamkwi mbele ya mwanamume. Mwanamume akiyajua anapata mkosi, wengine husema anakuwa kipofu, wengine husema anapata kitu kibaya kuliko upofu, na hakuna aliyewahi kuuliza kitu gani.

Erasto: Mambo yenyewe yako ukurasa wa nyuma yake. Nimeubana.

Soko Huria: Umefanya vizuri.

Mahakama: Basi mwandishi katoa siri za unyago hadharani, na shule inazigawa kwa zamu. Wavulana nao wanasoma?

Erasto: Kwa orodha. Wavulana kwa wasichana.

Mahakama: Hapo mtoto wako hawezi kurudi. Tumemaliza.

Erasto alipumua. Angepaswa kufurahi, hukumu imetoka kama alivyoitaka na si yeye aliyeitoa. Badala yake aliona aibu, na hakujua ya nini.

Kliniki: Lakini tutajuaje kama ni siri zenyewe? Labda kaandika mengine.

Mahakama: Tuufungue ukurasa tulinganishe.

Soko Huria: Tulinganishe na nini?

Mahakama: Na siri za kweli.

Soko Huria: Unazijua?

Mahakama akapima pande zote mbili. Akikubali, amejitia kitanzi mwenyewe. Akikana, hana sifa ya kutoa hukumu. Ikawa hivyo kwa kila mmoja. Kliniki alianza kusema kwamba Ndanda aliwahi kusikia manesi wakizungumza, akakatisha akakohoa mpaka akaletewa maji. Soko Huria alisema yeye ni mfanyabiashara, siri yoyote inayopita mkononi mwake inapita ikiwa imefungwa kwenye robota.

Mahakama: Tunahitaji shahidi asiyeweza kuelewa anachokiona. Swalehe.

Swalehe: Naam.

Mahakama: Wewe hujui kusoma.

Swalehe: Nilipita ngumbaru miaka miwili.

Mahakama: Ulijifunza nini?

Swalehe: Kusinzia nimekaa.

Mahakama: Anafaa. Atatoa pini, atatazama picha tu, atatuambia. Sisi tunaziba masikio kwenye maneno mabaya.

Kliniki: Tutajuaje kama ni mabaya tukiwa hatujayasikia?

Mahakama: Utajua kwa uso wake.

Swalehe akafuta mikono, akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kofia yake ya kiua. Wale watatu wakaziba masikio. Erasto aliziba moja. Swalehe aliangalia ukurasa muda mrefu.

Swalehe: Kuna bibi. Kuna msichana. Bibi ameshika kitu.

Soko Huria, kwa sauti kubwa ya mtu aliyeziba masikio: Kitu gani?

Swalehe: Kirefu. Wanakivuta pamoja.

Kliniki akafumba na macho. Mahakama akamnyang'anya Swalehe kitabu akakifunga.

Mahakama: Imetosha. Huyu mwandishi ni mtu wa huku. Mtu wa pwani hawezi kujua hayo.

Soko Huria: Yapi?

Mahakama: Ambayo siyajui.

Kliniki: Mimi nasema kaandika Bibi Mwanaisha mwenyewe. Ndiye nyakanga pekee Makote nzima.

Soko Huria: Bibi Mwanaisha hajui kuandika.

Kliniki: Ndiyo maana hakuweka jina lake.

Walikuwa bado wanalipima hilo, na lilikuwa linaanza kukubalika, Bibi Mwanaisha alipotokea upande wa cherehani ya Erasto, kanga mpya ikiwa begani haijakatwa wala kupindwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye hatua za mtu anayejua kwamba njia itampisha. Wanaume wakasimama wote kwa pamoja. Soko Huria alikuwa wa kwanza kukaa tena, juu ya kitabu.

Wote: Shikamoo, bibi.

Bibi Mwanaisha: Marahaba, wanangu. Nimekwenda kwa fundi, nimemkuta mtoto, fundi hayupo. Nikaambiwa yuko huku ana kesi. Kesi gani?

Watatu waligeuka kumtazama Soko Huria.

Bibi Mwanaisha: Alphonce, umekalia nini?

Soko Huria: Benchi, bibi.

Bibi Mwanaisha: Juu ya benchi.

Kikatolewa. Mahakama alieleza kwa niaba ya wote, akizunguka, akisema inadaiwa na inasemekana, mpaka bibi akanyanyua mkono.

Bibi Mwanaisha: Nisomeeni.

Mahakama: Bibi, ukurasa wenyewe sisi hatuwezi.

Bibi Mwanaisha: Mkisoma mtakuwa vipofu? Mbona mkeo akikusomea barua za mwanao hupofuki. Baba Winfrida, soma.

Erasto alisimama kusoma. Ukurasa wa thelathini na mbili ulisema kwamba bibi kizee alimfundisha msichana kusuka kamba isiyokatika, kufunga fundo linaloshika na linalofunguka upesi, kukadiria urefu kwa kuangusha jiwe na kuhesabu, na kushuka ukutani bila kutazama chini. Wanaume wa nchi ile, kitabu kilisema, hawakuyajua hayo kwa sababu wao walikuwa na ngazi. Msichana alipoyajua yote, akazikata nywele zake, akazisuka kamba pamoja na yule bibi, wakavuta pamoja kuijaribu.

Bibi Mwanaisha alicheka. Alicheka mpaka akakaa, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akikaa kwenye benchi lile.

Bibi Mwanaisha: Si haya. Ya kwangu si haya hata kidogo. Lakini huyu bibi namkubali. Kamwingiza mtoto, kamfundisha, kamtoa. Alipomtoa, mtoto alikwenda wapi?

Erasto alifunua ukurasa uliofuata. Alikuwa na hamu nao tangu Ijumaa.

Erasto: Alikwenda shule.

Bibi Mwanaisha: Baada ya muda gani?

Erasto: Asubuhi yake. Hata kabla ya kengele kupatikana. Anasema, kengele ikipatikana inikute nimeshakaa.

Bibi Mwanaisha akaitikia kwa kichwa. Akamtazama Erasto bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Bibi Mwanaisha: Mie mtoto wako nilikaa naye wiki tatu. Nilipomaliza nilimtoa mbele ya watu, nikamkabidhi mkononi mwako, ukacheza mpaka kiatu kikabanduka. Ndani nilimtoa. Leo nimemkuta barazani kwako, na bado yuko ndani. Nani amemfungia tena?

Mahakama alianza kuhesabu vifungu kwa vidole. Kliniki alijishika mkono wake mwenyewe kupima mapigo. Soko Huria aliangalia barabara ya Masasi kama mtu anayengoja gari, na gari la siku ile lilikuwa limeshapita. Swalehe aliinamisha birika, likatoa matone mawili na machicha ya tangawizi.

Erasto alikuwa na majibu matatu. Moja lilikuwa kitabu, na limekwisha kufa. La pili lilikuwa mapumziko, na hakuna mtoto anayepumzika kwa kutia vifungo kutwa. La tatu lilikuwa la kweli, na hakuweza kulisema mbele ya bibi huyo. Aliichukua ile kanga ya kupindwa, akachukua kitabu, akasema samahani, akaondoka.

Winfrida alikuwa barazani kwa cherehani, suruali moja imemfunika magoti mpaka chini. Alimwamkia baba yake bila kuacha kushona. Erasto aliweka kitabu kwenye meza, juu ya mkasi.

— Sketi yako ya shule iko wapi?

— Ndani. Nimeikunja chini ya mto.

— Umerefuka tangu Desemba. Itakuwa fupi, mwalimu atakusema. Ilete niishushe pindo.

— Nimeshaishusha.

— Lini?

Winfrida akakata uzi kwa meno, akapitisha kidole juu ya kifungo kuona kama kimeshika.

— Januari, baba.